Baada ya Shahada, Kalamu Huenda Wapi?

Yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha Kiswahili katika chuo kikuu chochote humu nchini anaifahamu hali hii. Muhula wa kwanza huanza kwa shamrashamra. Ubao wa matangazo hujaa mashairi yaliyonakiliwa kwa mkono, kuna anayeandaa tamthilia ya onyesho moja kwa ajili ya usiku wa utamaduni, kuna aliyeficha mswada wa riwaya chini ya godoro bwenini, na hakosi mmoja au wawili wanaojiita malenga kabla watu hawajawaita hivyo. Miaka minne baadaye wote huhitimu. Wengi huenda kufundisha, wachache hupata nafasi katika vyombo vya habari, katika uchapishaji au katika tafsiri, na waliosalia hubangaiza kama wanavyobangaiza wahitimu wa taaluma nyingine. Ukikutana nao baada ya miaka mitano ukawauliza wanatunga nini siku hizi, aghalabu utajibiwa kwa kicheko, na baada ya kicheko utasikia neno moja: wakati.

Makala haya yanadhamiria kulikabili neno hilo. Silidharau. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na ninajua kwamba mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo mitatu hubeba insha nyumbani kila Ijumaa na kuzirudisha Jumatatu zikiwa bado hazijakwisha kusahihishwa. Ana zamu, ana vikao, ana michezo ya jioni, ana watoto wake mwenyewe wanaomngoja. Anayemwambia mtu huyu kwamba kipawa cha kweli hakizimiki anajisemea tu. Hata hivyo, nikiitazama historia ya fasihi yetu, ninashindwa kuamini kwamba wakati ndio uliokosekana.

Tumtazame Shaaban Robert, ambaye sisi sote tumemsoma kwa ajili ya mtihani na wachache wetu tumemsoma kwa kumtafakari kama mtu aliyeamka asubuhi akaenda kazini. Aliingia katika idara ya forodha akiwa karani mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka 30 aliutumikia utawala wa kikoloni wa Tanganyika, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo na kutoka idara hadi idara. Vitabu tunavyovihesabu kuwa nguzo za nathari ya Kiswahili, kama vile Kusadikika cha mwaka 1951, Adili na Nduguze cha mwaka 1952 na Wasifu wa Siti Binti Saad cha mwaka 1958, vyote vilitoka wakati yeye bado ni mwajiriwa wa ofisi. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo baadaye zilihaririwa na Mugyabuso Mulokozi, ni usomaji ambao ningeutanguliza mbele ya vitabu vingi vya nadharia kwa mwanafunzi anayetaka kuandika. Katika barua za mtu na nduguye tunamwona mwandishi nje ya diwani na nje ya silabasi, mtu mwenye jamaa, kazi na shughuli kama sisi.

Wala hakuwa peke yake. Kaluta Amri Abedi, aliyetupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa mhubiri, kisha meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, na alifariki mwaka 1964 kabla hajafikisha miaka 45. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali na wa mahakama. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na ile ya The Merchant of Venice, aliyoiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, miaka ambayo hakuna atakayesema kwamba rais wa nchi changa alikosa la kufanya.

Kuna mfano mwingine ambao hutajwa kila mara mjadala huu unapozuka, nao ni wa Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972 na kuandika baadhi ya mashairi hayo kwenye karatasi za chooni. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973 na kutuzwa mwaka uliofuata. Ninauheshimu mfano huo, lakini naona tunautumia vibaya tunapomtolea mwalimu aliyechoka ili kumwaibisha. Gereza ni dhuluma. Hata hivyo, mfungwa anaachwa peke yake na mawazo yake kwa namna ambayo baba wa watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili hataijua kamwe. Dhiki ya mfungwa na msukosuko wa kila siku ni vikwazo vya aina mbili, na dawa ya kimoja si dawa ya kingine. Swali letu linahusu msukosuko: nauli, foleni, simu inayolia, mgeni asiyetarajiwa, maji yaliyokatika.

Kwa maoni yangu, kinachowakatisha wahitimu wetu ni mazoea tuliyowalea nayo hapa hapa chuoni. Tumewafunza kutunga kwa ajili ya tukio. Mwanachama hutunga kwa sababu kuna kongamano, kwa sababu mgeni rasmi anakuja, kwa sababu kuna shindano na zawadi. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, uamuzi uliotolewa mwaka 2021, tumepata pia msimu: mashairi ya kukisifu Kiswahili huzaliwa kwa wingi mwanzoni mwa Julai na kufa kabla ya Agosti. Yote hukisifu Kiswahili, na ni machache mno yanayosema jambo lolote kwa Kiswahili. Shuleni hali ni ile ile. Mwalimu hutunga shairi la kukariri kwa ajili ya tamasha, timu ikatolewa katika kiwango cha kaunti, kalamu ikawekwa hadi mwaka ujao. Hata waandishi wenye majina mara nyingi huandika hadithi fupi pale tu mhariri anapokusanya mkusanyiko unaolenga kuteuliwa kutahiniwa katika shule za upili. Sisemi mashindano ni mabaya. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo siku hizi inaitwa Safal-Cornell, imewaibua waandishi ambao pengine tusingewasoma. Lakini aliyezoea kutunga kwa sababu ya tukio hana sababu ya kutunga tukio linapokosekana, na maisha baada ya shahada hayana matukio mengi ya aina hiyo.

Hebu tuutazame ususi. Katika visiwa vya Lamu na Pate, na kwingineko pwani, wanawake wamesuka ukili kwa karne nyingi. Majani ya mkindu hukaushwa, hupasuliwa vipande vyembamba, mengine hutiwa rangi, kisha msusi huanza kusuka utepe mmoja mwembamba ambao hurefuka siku baada ya siku. Mkeka wenyewe haupo bado. Utepe ukishatosha ndipo huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo hadi mkeka ukatokea. Msusi husuka huku akizungumza. Mtoto akilia anauweka chini ukili. Jirani akipiga hodi anauweka chini. Chungu kikifurika anauweka chini, na akirudi anauokota pale pale alipouacha wala hakuna kilichoharibika. Kazi hii imepangwa tangu awali ili iweze kukatizwa, na aliyeipanga hivyo alikuwa mtu anayekatizwa.

Nina hakika kwamba ushairi wetu wa jadi umesukwa kwa akili hiyo hiyo. Ubeti wa tarbia ni kipande kamili: mishororo minne, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Mtu anaweza kuutunga ubeti mmoja katika matatu kati ya Githurai na katikati ya jiji bila karatasi wala simu, kwa sababu vina na mizani ndivyo vinavyomshikia maneno yake. Akishuka, ubeti unashuka naye. Ubeti wa pili utangoja safari ya jioni. Utendi nao una mishororo mifupi zaidi na kina kimoja cha bahari kinachomwongoza mtunzi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama kati ya ubeti na ubeti pamepita wiki nzima.

Tuna ushahidi wa uwezo huo wa kubebeka. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Wahakiki husema ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, kwani alitunga kuhusu vita na watawala, na pia kuhusu mapenzi, nyumba na mambo ya kawaida ya mjini. Sehemu kubwa ya tungo zake tunazo leo kwa sababu zilikaa vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzieleza, William Taylor akazinakili mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Karne nzima! Nani miongoni mwetu ana shairi lake mwenyewe kichwani ambalo mwenzake pia analijua?

Hapa najua nitapingwa na wenzangu wanaotunga mashairi huru, na baadhi yao ni wahadhiri ninaowaheshimu. Watasema kwamba mgogoro wa arudhi ulikwisha zamani, na kwamba tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kitoke mwaka 1974 hakuna sababu ya kumrudisha mtu kwenye vina. Sina nia ya kuufufua mgogoro huo, ambao umekula kurasa nyingi kuliko ulivyostahili. Shairi huru zuri ni zuri. Ninachosema ni jambo dogo la utendaji: shairi huru huhitaji ukurasa, kwa sababu mpangilio wake unaonekana kwa jicho, na huhitaji mtunzi akae nalo kwa utulivu ili ajue ni wapi mshororo unakatika na kwa nini. Mwenye saa mbili za utulivu kila usiku na ajichagulie. Asiyekuwa nazo ajue kwamba wahenga wamemwachia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye, na kwamba anapokiita cha kale anajinyima mwenyewe.

Jambo la pili tulilolipoteza ni msomaji mmoja. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Zaidi ya beti 100 zilikuwa na msikilizaji mmoja aliyekaa karibu. Kwamba sisi tunausoma leo katika mihadhara ni ziada. Vivyo hivyo magazeti ya zamani yaliulea ushairi kwa sababu yalimpa mtunzi mtu wa kumjibu. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na hapa kwetu Taifa Leo liliendeleza desturi hiyo kwa miaka mingi. Karani wa Tabora angeuliza swali kwa shairi, mwalimu wa Tanga angemjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, wa tatu angewasuluhisha na wa nne angewachochea. Mtu hakutunga ili awe mshairi. Alitunga kwa sababu alichokozwa, na kunyamaza kungekuwa kushindwa.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliazima kitabu changu cha fasihi akakaa nacho. Nilimtumia ubeti huu kwa simu:

Kitabu ulichotwaa, nakungoja urejeshe,
Mwezi mzima nakaa, mwenzio usinichoshe,
La sivyo nitaduwaa, maneno niyazungushe,
Kesho jua likipaa, kwangu mlango ubishe.

Si ubeti wa kuingizwa katika diwani yoyote, na mhariri wa jarida hili ana ruhusa ya kuucheka. Lakini mwenzangu, ambaye hakuwa ametunga chochote tangu ahitimu, hakuweza kustahimili. Alijibu usiku huo huo kwa beti tatu akinituhumu kwa ubahili, na kufikia mwisho wa muhula tulikuwa tumejibizana mara kumi na nne, kuhusu chai ya ofisini, kuhusu mvua, kuhusu uchaguzi wa kamati ya ushirika na, mara mbili, kuhusu kifo cha mzazi wake. Zile mbili za mwisho ni mashairi. Nayasema haya nikiwa msahihishaji mkali. Asingeyatunga siku hiyo ya msiba kama mkono wake haukuwa umeshazoea kupitia kitabu na chai. (Kitabu chenyewe, kwa anayetaka kujua, bado anacho.)

Siku hizi yapo makundi ya WhatsApp ya malenga ambamo mashairi hupokezanwa usiku na mchana. Nimo katika mawili. Yanasaidia, ila yana kasoro moja: kundi la watu mia mbili ni uwanja wa maonyesho, na mtunzi hurudi kule kule kwenye tukio na makofi. Vidole gumba ishirini havina thamani ya mtu mmoja aliyekujibu ubeti kwa ubeti na kukukosoa kina.

Sina budi kuligusa suala la wanachama wa kike, kwa maana nikilinyamazia hoja yangu itakuwa nusu. Katika kila kundi la wahitimu ninalolijua, wao ndio hunyamaza mapema zaidi, na sababu haihitaji utafiti. Anayepika, anayefua na anayeamshwa na mtoto usiku tunamjua. Nimeusifu ukili kwa sababu unaweza kukatizwa, lakini isieleweke kwamba naona ni sawa mwanamke akatizwe daima. Siti binti Saad aliitumia sauti yake kunadi vyungu kabla mji wa Unguja haujaanza kumsikiliza akiimba, na tunaposimulia kisa hicho kwa furaha tusisahau kwamba alipata nafasi ya kuendelea pale alipokutana na watu waliomfunza muziki na kumpigia ala. Shaaban Robert alipoketi kuandika, kuna mtu aliyepika. Mwanachama wa kiume anayetaka kuitumikia fasihi ya Kiswahili na hana kipawa chochote anaweza kuanza kwa kumshika mtoto saa moja kila jioni ili mkewe aandike.

Kuhusu idara zetu sitasema mengi. Mwanafunzi anaweza kuanza na karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, akachambua vina, urari wa mizani na uhuru wa kishairi, akaja chuoni akachambua tena kwa istilahi ndefu zaidi, akahitimu kwa daraja la kwanza, na katika safari yote hiyo asiombwe hata mara moja kutunga ubeti mmoja. Tunamtunuku shahada ya upishi aliyeonja tu. Wahadhiri wetu waheshimiwa wana sababu zao. Utungo ni vigumu kuutahini kwa haki, na madarasa yana watu wengi. Basi tusiwangoje.

Chama kina uwezo wa kutenda. Pendekezo langu kwa kamati mpya ni dogo na halina gharama. Kila mwanachama anayejiunga apewe mwenzake mmoja kwa kura, kama wanavyopewa wachezaji wa bao, na wawili hao wawe na deni la ubeti kila wiki hadi watakapohitimu. Ubeti uwe kuhusu jambo lililotokea wiki hiyo kweli: kodi ya chumba, mgomo, mkopo wa HELB uliochelewa, maharagwe ya mkahawani. Mashairi ya kukisifu Kiswahili yapigwe marufuku kwa miaka minne. Anayeshindwa wiki moja adaiwe beti mbili wiki inayofuata, na ahitimupo aondoke na anwani ya mdai wake.

Kwa jarida hili naomba ukurasa mmoja tu kila toleo, uitwe ukurasa wa majibizano, wenye swali la mtu mmoja na majibu ya watatu. Swali la kwanza nimeshamkabidhi mhariri. Linahusu ugali wa shule yetu, limetungwa kwa mizani kumi na sita, na kina cha mwisho ni kigumu kwa makusudi.